Masuali Yenu: Waziri mkuu anapata wapi nguvu zote hizi?

Barua za safari hii nyingi zimeingia kwa mlango mmoja: mawaziri wakuu wa nchi za kibunge, wanaoonekana siku hizi kama marais ambao taifa zima halikuwapigia kura. Zilizofanana tumeziunganisha, na majina ya waandishi tumeyaacha.

*Assalamu alaykum. Nasomesha uraia skuli ya sekondari hapa Wete. Kitabu kinasema waziri mkuu katika mfumo wa kibunge ni wa kwanza tu kati ya mawaziri walio sawa naye. Wanafunzi wanaofuatilia habari za Uingereza na India wananicheka. Niwasomeshe nini? (Mwalimu, Wete)*

Waalaykum salaam, Mwalimu. Kitabu hakikudanganya, kimechelewa tu. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 Baraza la Mawaziri la Uingereza halikuwa na kumbukumbu rasmi za vikao. Kila waziri aliondoka na alichokikumbuka, na ikatokea wawili waliokaa meza moja wasielewane baadaye nini hasa kiliamuliwa. Desemba 1916, katikati ya vita, waziri mkuu David Lloyd George aliunda sekretarieti ya kuandika ajenda na maamuzi. Jambo linaonekana la kikarani, lakini tangu hapo kalamu ya Baraza iko karibu na waziri mkuu.

Waulize wanafunzi wako suali hili: katika kikao ambacho kura hazihesabiwi, mwenye nguvu ni anayesema sana au ni yule anayefunga kwa kusema "basi tumekubaliana hivi"? Baraza la Mawaziri la London hupiga kura kwa nadra mno. Waziri mkuu hufanya majumuisho, na majumuisho yake ndiyo yanayoandikwa kuwa uamuzi. Yeye pia ndiye anayeamua kamati ndogo zipi ziwepo na nani akae ndani yake, na mambo mengi huishia huko kwenye kamati kabla Baraza zima halijayaona. Likishaamuliwa, kanuni ya uwajibikaji wa pamoja inamfunga hata waziri aliyelipinga: alitetee hadharani au ajiuzulu.

Halafu wapigishe hesabu ya vyeo, maana hapo ndipo somo linaponoga. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1975 inaruhusu mawaziri na manaibu wasiozidi 95 kukaa ndani ya Bunge la wabunge 650. Tuseme chama tawala kina viti 340. Toa 95. Ongeza wabunge wanaowasaidia mawaziri. Hawa hawalipwi kwa kazi hiyo, kwa hiyo hawamo katika ile 95, lakini wakiipinga serikali wanaupoteza usaidizi wao. Wakiwa 45, jumla inafika 140, yaani asilimia 41 ya wabunge wa chama hawawezi kumpinga mkubwa wao bila ya kupoteza kitu. Wanabaki 200, na humo wamo wengi wanaosubiri kuitwa wao. Cheo ambacho hujakipata bado kinafunga mdomo vizuri kuliko ulichonacho. India waliliona tatizo hili, na marekebisho ya Katiba ya mwaka 2003 yakaweka kikomo: Baraza la Mawaziri lisizidi asilimia 15 ya wabunge wa Lok Sabha, ambayo ndiyo nyumba ya chini ya Bunge lao.

Jengine ni ofisi yenyewe. Mwaka 1997 serikali ya Tony Blair ilitoa amri iliyowapa wasaidizi wake wawili wa kisiasa, Jonathan Powell na Alastair Campbell, uwezo wa kuwaamrisha watumishi wa umma. Gordon Brown, waziri mkuu aliyemfuata, aliifuta amri hiyo mara alipoingia mwaka 2007, lakini mtindo wa kuweka watu wa waziri mkuu juu ya watu wa wizara haukufutika nayo.

*Wabunge ndio wanaomweka waziri mkuu. Basi mbona wakikasirika hawamtoi? Tunawaona wananung'unika kwenye televisheni, siku ya kura wanarudi zizini. (Wanabarza, Mji Mkongwe)*

Wanarudi kwa sababu mlango una kufuli tatu, na funguo zote ziko kwa chama.

Ya kwanza ni uchaguzi. Hoja ya kutokuwa na imani ikipita, mara nyingi nchi inakwenda kwenye kura, kwa hiyo mbunge wa chama tawala anayemtoa kiongozi wake huenda akajitoa na yeye jimboni. Uingereza jambo hilo lilitokea mara ya mwisho tarehe 28 Machi 1979: serikali ya James Callaghan ilianguka kwa kura 311 dhidi ya 310. Kura moja tu! Mbunge mmoja wa chama chake alikuwa mgonjwa hoi hakuweza kuletwa, na mwengine wa kujitegemea, Frank Maguire, alisafiri kutoka Ireland Kaskazini mpaka London na asipige kura. Uchaguzi uliofuata Callaghan akashindwa. Wabunge wa leo wanaijua hadithi hiyo vizuri sana.

Ya pili ni tiketi ya kugombea. Hapa kwetu mnajua maana ya jina kukatwa. Kanada sheria ya uchaguzi ya mwaka 1970 ilitaka mgombea anayetumia jina la chama aidhinishwe kwa saini ya kiongozi. Nia ilikuwa safi: jina la chama lilikuwa linaanza kuchapishwa kwenye karatasi za kura, na ilibidi ijulikane nani wa kweli na nani wa kujipachika. Matokeo yake kiongozi alipata kalamu ya kumkata mbunge yeyote. Aliweza asiitumie miaka kumi, na bado ikafanya kazi yake kila siku.

Uingereza kazi hiyo inapita kwa wanadhimu, wabunge waliopewa na chama kazi ya kusimamia kura za wenzao. Kila wiki mbunge hupewa karatasi ya shughuli za Bunge, na kila shughuli imepigwa mstari mmoja, miwili au mitatu. Mistari mitatu maana yake uwepo na upige kura na chama, udhuru ni ugonjwa au ruhusa ya mnadhimu. Anayevunja anaweza kutolewa katika kundi la chama: anabaki mbunge, lakini wa kujitegemea, na uchaguzi ujao chama hakimsimamishi. Tarehe 3 Septemba 2019 waziri mkuu Boris Johnson aliwatoa wabunge 21 kwa mkupuo, wakiwemo mawaziri wa fedha wa zamani Philip Hammond na Kenneth Clarke, kwa kuunga mkono hatua ya kuzuia Uingereza isitoke Umoja wa Ulaya bila ya mkataba. Kumi walirudishwa mwezi uliofuata. Kosa la hesabu ni kwamba siku ile ile alikuwa ameshapoteza wingi wake Bungeni. Fimbo aliipiga akiwa juu ya tawi, na tawi alilikata mwenyewe.

Kufuli ya tatu ni sheria ya kuhama chama. India, tangu marekebisho ya 52 ya mwaka 1985, mbunge anayekwenda kinyume na agizo la chama katika kura bila ya ruhusa, na chama kisimsamehe ndani ya siku 15, anaweza kuvuliwa ubunge. Lengo lilikuwa kukomesha biashara ya kununua wabunge, na biashara hiyo ilikuwepo kweli. Lakini sheria haikutenganisha aliyehongwa na aliyekataa kwa dhamira, na mwenye kuamua ni Spika, ambaye kwa kawaida ametoka chama tawala. Uamuzi unaweza kukaa kabatini mpaka uchaguzi mwengine. Njia iliyobaki wazi ni theluthi mbili ya wabunge wa chama kuungana na chama chengine; kwa hiyo mmoja akihama anaadhibiwa, na kundi zima likihama halina kosa.

*Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, alishinda chaguzi tatu, na Bunge halikumwangusha. Nani basi alimtoa? (Msomaji, Mkoani)*

Wabunge wa chama chake, na kwa kanuni za chama. Wakati ule mgombea wa uongozi wa Conservative alitakiwa apate zaidi ya nusu ya wabunge wa chama na pia ampite mpinzani wake kwa asilimia 15 ya wote wenye haki ya kupiga kura. Walikuwa 372, kwa hiyo pengo lililotakiwa ni 56. Tarehe 20 Novemba 1990 Thatcher alipata 204 na Michael Heseltine 152. Pengo ni 52. Alipungukiwa na nne, ingawa aliongoza. Jioni ya siku ya pili yake mawaziri walimwingilia mmoja mmoja, wengi wakimwambia duru ijayo atashindwa. Tarehe 22 alitangaza kuondoka.

Hapo pana siri ambayo vitabu vingi vinaipita mbio: waziri mkuu anaogopa zaidi chumba cha wabunge wake kuliko ukumbi wa Bunge. Australia walionesha hilo mpaka wakachoka wenyewe. Kevin Rudd alitolewa na Julia Gillard Juni 2010, Gillard akatolewa na Rudd Juni 2013, Tony Abbott na Malcolm Turnbull Septemba 2015, na Turnbull akamwachia Scott Morrison Agosti 2018. Wanne ndani ya miaka minane, hata mmoja hakuangushwa kwa hoja Bungeni. Vyama vikafunga dirisha. Labor iliweka mwaka 2013 kwamba waziri mkuu aliyepo asisumbuliwe mpaka asilimia 75 ya wabunge wa chama watie saini, na Liberal mwaka 2018 ikataka theluthi mbili.

Mtaona kanuni ya chama, karatasi ambayo mpiga kura haijui, ndiyo inayopima urefu wa kamba. Na kuna jambo linalokwenda kinyume na fikra za wengi: kiongozi akichaguliwa na wanachama wote badala ya wabunge, demokrasia ya chama inapanuka lakini wabunge wanapungukiwa na nguvu juu yake. Anawaambia "hamkuniweka nyinyi." Mwaka 2016 wabunge wa Labour ya Uingereza walipiga kura 172 kwa 40 kusema hawana imani na Jeremy Corbyn. Alibaki, akarudi kwa wanachama, akashinda tena. Yeye alikuwa kiongozi wa upinzani, lakini kanuni ni hiyo hiyo.

Kanada walijaribu kurejesha uzani. Sheria iliyoanza kazi mwaka 2015 inaruhusu asilimia 20 ya wabunge wa chama kudai kura ya siri juu ya kiongozi. Conservative walipokuwa upinzani waliitumia tarehe 2 Februari 2022 kumwondoa kiongozi wao Erin O'Toole, kura 73 kwa 45. Ila kasoro iko ndani yake: baada ya kila uchaguzi wabunge wa kila chama wanaamua wenyewe kama wanaitaka sheria hiyo au la. Wale wa Liberal waliikataa. Wabunge wao walipoanza kumtaka waziri mkuu Justin Trudeau aondoke mwaka 2024, mkononi walikuwa na barua tu. Alitangaza kuondoka Januari 2025, kwa wakati alioupanga yeye.

*Zanzibar imewahi kuongozwa hivi, au sisi siku zote tulikuwa na Rais? (Mwanafunzi, Tunguu)*

Imewahi, kwa muda mfupi, na mfano wake unafaa kuwekwa mezani kuliko hiyo ya London, kwani unaonesha waziri mkuu asiye na nguvu anakuwaje.

Uchaguzi wa Januari 1961 ulikuwa wa viti 22. ASP (Afro-Shirazi Party) ilipata 10, ZNP (Zanzibar Nationalist Party, yaani Hizbu) 9 na ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) 3. Kiti cha Chake Chake ASP walikichukua kwa kura moja. Wale watatu wa ZPPP ndio walioshika mizani, na wakagawanyika: wawili upande wa ZNP, mmoja upande wa ASP. Ikawa 11 kwa 11, serikali haikuundika. Kumbukeni hicho ndicho chama kisichokuwa na mnadhimu wa kuwabana. Leo India watu hao wangetishiwa kuvuliwa viti. Juni 1961 ukarudiwa kwa viti 23, kimoja kikaongezwa kusudi idadi isigawike sawa. ASP 10, ZNP 10, ZPPP 3 tena. Safari hii ZNP na ZPPP waliungana, na Mohammed Shamte wa ZPPP akawa mkuu wa serikali. Siku ya uchaguzi na zilizofuata zilikuwa za ghasia na vifo, na majeraha yake hayakupoa.

Julai 1963 viti vilikuwa 31. ASP ilipata takriban asilimia 54 ya kura zote na viti 13. ZNP viti 12, ZPPP 6. Kura za ASP zilirundikana katika majimbo iliyoshinda kwa wingi mkubwa, na kura ya ziada katika jimbo ulilokwishashinda haikupi kiti chengine. Muungano wenye 18 ukaunda serikali, na Shamte ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu uhuru ulipofika tarehe 10 Desemba 1963.

Sasa mpimeni kwa vipimo vya suali la kwanza. Chama chake kina viti 6 katika 18 za muungano. Mshirika wake ana mara mbili yake, na wakuu wa ZNP kama Ali Muhsin Barwani walikuwa ndani ya Baraza hilo hilo. Amfukuze waziri wa ZNP? Muungano unavunjika na yeye anaondoka nao. Avunje Bunge? Aliyepata kura nyingi zaidi ni mpinzani wake. Cheo alikuwa nacho, vyeo vya kugawa vilikuwa vya washirika. Serikali hiyo ilipinduliwa tarehe 12 Januari 1964, na sababu za Mapinduzi zinapita mbali mambo ya kanuni za Bunge; hatutazibana hapa katika safu moja.

Cheo cha Waziri Kiongozi kilichokuja mwaka 1983 kinachanganywa sana na hicho cha Waziri Mkuu. Hakikuwa sawa. Waziri Kiongozi alitegemea uteuzi wa Rais, na Rais aliweza kumwondoa. Marekebisho ya 2010 yalikifuta. Shughuli za Serikali katika Baraza la Wawakilishi sasa zinaongozwa na Makamu wa Pili wa Rais, ambaye naye huteuliwa na Rais. Makamu wa Kwanza anatoka chama kilichofuata kwa kura.

*Na Waziri Mkuu wa Muungano je? Anatolewaje? (Mvuvi, Nungwi)*

Bwana, huyu ni wa namna ya pekee: Rais anamteua kutoka wabunge wa majimbo wa chama chenye wabunge wengi, na hashiki kazi mpaka Bunge limthibitishe. Bunge linaweza pia kumtoa kwa ibara ya 53A ya Katiba, na masharti yake ni haya: hoja isainiwe na wabunge wasiopungua asilimia 20, ifike kwa Spika siku 14 kabla, isiletwe kabla ya miezi sita tangu ateuliwe wala kabla ya miezi tisa tangu hoja nyengine kama hiyo, na iungwe mkono na zaidi ya nusu ya wabunge wote, si ya waliohudhuria tu. Mpaka sasa aliyeondoka kwa shinikizo la Bunge ni Edward Lowassa, tarehe 7 Februari 2008, baada ya ripoti ya kamati teule kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond. Alijiuzulu, kura ya 53A haikupigwa. Na kufuli ya tatu tuliyoitaja juu ipo hapa pia: ibara ya 71 inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka, kiti kinakwenda.

*Klabu yetu ya mdahalo ina mada: "Mawaziri wakuu wamekuwa marais." Tupime kwa nini, tusije tukashindana kwa kelele? (Wanachama wa klabu, Chake Chake)*

Msianze na mtu. Kosa la midahalo mingi ni kumtaja kiongozi mwenye sauti kubwa na kumwita dikteta. Anzeni na wingi wa viti. Mauritius, majirani zetu wa bahari hii, muungano wa Navin Ramgoolam ulichukua viti 60 katika 62 vya kuchaguliwa Novemba 2024. Hapo hata wabunge 20 wakigoma serikali inapitisha mswada. Kisha tafuteni nani anaidhinisha wagombea, na nani anaweza kumtoa kiongozi, kwa asilimia ngapi. Hayo mawili yamo katika katiba za vyama, si za nchi.

Halafu kalenda. Anayechagua siku ya uchaguzi anachagua siku ambayo mpinzani hajajiandaa. Uingereza ilimnyang'anya waziri mkuu uwezo huo kwa sheria ya 2011 na ikamrudishia mwaka 2022. Katikati yake, 2019, Johnson alijaribu kulisimamisha Bunge kwa wiki tano, na majaji 11 wa Mahakama ya Juu, kwa kauli moja, wakasema haikuwa halali.

Upande unaopinga mada nao una hoja nzito: serikali za mseto, mahakama, majimbo yenye serikali zao, na soko la fedha, ambalo halina mnadhimu. Na upande unaounga mkono usimsahau Scott Morrison, ambaye kati ya 2020 na 2021 alijipachika katika wizara tano bila ya kuwatangazia wananchi, na baadhi ya mawaziri wenyewe wasijue kuwa wana mwenzao kitini. Mambo yalifichuka Agosti 2022, yeye akiwa ameshaondoka madarakani.

*Tunabishana: Liz Truss, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, alikaa madarakani siku 45 au 49? Kuna dau la kahawa. (Wanabarza, Michenzani)*

Aliingia tarehe 6 Septemba 2022, akatangaza kujiuzulu tarehe 20 Oktoba, ambayo ni siku ya 45. Ofisi aliikabidhi tarehe 25, akiwa ametimiza siku 49. Kila mmoja alihesabu sawa kwa tarehe yake. Kahawa mgawane nusu kwa nusu, na kashata alipe aliyeanzisha ubishi.